Mama Akala Anahamia Mlimani

Benchi letu liko Kaloleni, pale njia ya uwanjani inapokutana na ile inayotoka Jogoo Road, kando ya kibanda changu cha kutengeneza simu. Ni ubao mmoja mrefu juu ya mawe, umelainishwa na makalio ya watu wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Imran anauza kahawa chungu hapo tangu asubuhi hadi karibu na magharibi. Wenye benchi ni wawili: Opiyo, tunayemwita Signal kwa sababu alifanya kazi ya reli mpaka akastaafu, na Kweyu, tarishi wa ofisi moja mjini, tunayemwita Hansard, kama ile kumbukumbu ya Bunge, kwa vile neno ulilosema miaka mitatu iliyopita yeye bado analo. Jumamosi hiyo hawakuwa na habari ya siasa wala mpira. Macho yao yalikuwa ng'ambo ya barabara, mlangoni kwa Aluoch, mjane anayeshona na kuuza akala, viatu vya tairi, soko la Kariokor na ambaye mtaa mzima unamjua kama Mama Akala. Pikapu ilikuwa imeegeshwa pale, na godoro lilikuwa linatoka.

— Godoro likitoka, hiyo si safari, — Signal alisema. — Huko ni kuhama.

— Kuhama wapi? — nikauliza.

— Naro Moru, — Imran akajibu huku akimimina. — Chini ya Mlima Kenya. Aliniambia jana jioni.

Hansard akaweka kikombe chini.

— Naro Moru? Mama wa miaka hamsini na nane? Sikilizeni, mimi naona hii kitu vile iko. Mama ameopoa mzungu. Kuna mmoja huko ana shamba kubwa, ana ng'ombe, ana mbwa, hana bibi.

— Umemwona wapi huyo mzungu? — Imran akamuuliza.

— Si lazima nimwone. Kule ni kwao, wako wengi. Hawezi kukosa hata mmoja.

— Wacha porojo, — Signal akasema. — Ni mambo ya ardhi. Kuna reli mpya inakuja, na yule nyar Alego, binti wa kwao Alego, amenong'onezewa mahali itakapopita. Anajenga nyumba katikati ya njia, kisha anangoja alipwe fidia.

— Na nani amemnong'oneza, na mtu wa reli hapa ni wewe? — Imran akamuuliza.

Signal akanywa kahawa kwanza.

— Mimi nilistaafu. Siri za siku hizi hazinifikii.

— Basi ni hewa, — Hansard akaongeza, sasa amepata moto. — Jamaa mmoja ofisini alinishow, huko juu hewa ni nyepesi mpaka mtu hazeeki. Unafika na miaka hamsini na nane, unakaa kumi, unarudi hapa bado una hamsini na nane. Kitambulisho kinakataa.

— Astaghfirullah, — Imran akasema, lakini alikuwa anacheka.

Hapo ndipo Mama Akala mwenyewe alipovuka barabara, akitembea na ule mchechemeo wake mdogo wa mguu wa kushoto, na nyuma yake dereva wa pikapu, kijana mrefu wa Eastleigh aitwaye Burale. Mama alikuwa amevaa sweta mbili na jua limeshawaka.

— Nimewasikia kutoka jikoni, — akasema. — Nimekuja kuwashukuru, kumbe mnanitafutia bwana! Imran, nipe kahawa. Na huyu kijana pia, amebeba kabati peke yake.

Tukasogea, akaketi. Burale akabaki amesimama na kikombe, akitutazama mmoja mmoja.

— Mama, — akauliza, — kwani hawa wazee ni nini chako? Ndugu?

Swali lilikuwa dogo tu. Lakini Mama Akala alishika kikombe kwa mikono miwili, akamjibu kana kwamba alikuwa akingoja mtu amuulize.

— Kijana, miaka miwili iliyopita nilipita hapa jioni nikitoka sokoni. Nikawasalimia, nikaendelea. Huyu Imran akaniita, “Dada, rudi! Unaacha damu njiani.” Nikamwambia anaona vibaya. Nikageuka, nikaona alama za mguu wangu mwenyewe, nyekundu, kutoka huko barabarani mpaka hapa. Nilikuwa nimekanyaga msumari wa kupigilia akala, pengine tangu asubuhi. Umepita kwenye soli, umeingia kwenye mguu. Sikuwa nimehisi kitu.

— Kitu chochote? — Burale akauliza.

— Chochote. Ilikuwa ni sukari. Ilikuwa imeshaninyang'anya miguu na mimi sijui. Imran aliacha birika lake hapa na moto unawaka, akanipeleka hospitali. Wiki saba nililala huko. Wakanikata vidole viwili. Daktari akaniambia wazi kwamba kama sukari haishuki, atarudi kuchukua mguu.

Hakuna aliyekuwa akicheka sasa. Signal alikuwa akitazama ndani ya kikombe chake.

— Huyu Opiyo alikuwa anakuja kila Jumatano na uji wa wimbi usio na sukari. Ulikuwa mbaya! Alikuwa anaupika mwenyewe, na mwanamume huyo hajui hata kuchemsha maji.

— Uliumaliza lakini, — Signal akanung'unika.

— Niliumaliza wote. Na Kweyu alikuwa anakuja baada ya kazi ananisomea gazeti, mpaka matangazo ya vifo. Wagonjwa wa wodi nzima walikuwa wanamngoja yeye kuliko daktari. Halafu nikatoka. Daktari ameniambia nitembee, na mimi naogopa hata kuvuka mlango. Naangalia ardhi kana kwamba yote ni misumari. Ndipo Imran akaja kubisha. Saa kumi na mbili asubuhi, ametoka msikitini, ameshika fimbo mbili. Akasema, “Dada, twende tuzunguke uwanja mara moja tu. Mimi natangulia, natazama njia. Wewe kanyaga ninapokanyaga.”

Imran akajifanya anapuliza makaa.

— Mara moja tu, — Mama Akala akasema. — Kesho yake, mara moja. Wiki ya pili, mara mbili. Mwaka mzima, kijana wangu, mwanamume huyu ametembea mbele yangu akitazama chini. Sukari ikaanza kushuka.

— Na mlima unaingilia wapi? — Burale akauliza.

— Mlima uliletwa na mteja. Msichana anaitwa Jacklyne, anapeleka watu kupanda milima. Alikuja Kariokor na buti lililobanduka soli, analia kwamba mafundi wote wamelikataa. Nikalishona, nikaliwekea soli ya tairi. Mwezi mmoja baadaye akarudi, buti bado zima, na amebeba mengine tisa. Akaniambia, “Mama, twende siku moja uone unachokishonea.” Tukaenda Ngong kwanza. Upepo karibu uniondoe kilemba. Nikarudi nikalala kama mtoto. Halafu mwezi wa pili mwaka huu, akanipeleka Naro Moru.

— Hapo ndipo alipopanda mpaka juu kabisa, — Hansard akamwambia Burale kwa fahari. — Theluji na nini. Mtaa wote unajua.

— Nani alikwambia? — Mama Akala akamuuliza.

Hansard akahesabu majina kwa vidole, akamkosa aliyemwambia. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumbukumbu yake kumkataa mbele za watu.

— Sikupanda mpaka juu, — Mama Akala akasema. — Hata kambi ya kwanza sikufika. Nilitembea msituni saa moja na nusu, tukafika mtoni, goti likakataa. Nikawaambia vijana waendelee, mimi na Jacklyne tutawangoja hapo.

— Aa! — Signal akaruka. — Nyar Alego, unahamia mlima ambao hujaupanda?

— Ngoja nimalize, jaduong', mzee wangu. Nilikaa juu ya jiwe, nikavua kiatu nikague mguu, kama daktari alivyonifundisha. Jua lilikuwa limeingia kati ya miti. Nikaona maji yale, meupe, yanapita kwa haraka. Nikaingiza mguu. Huu wa kushoto.

Akaunyoosha mguu wenyewe, na akala zake mwenyewe miguuni, tukautazama wote.

— Nikapiga kelele. Jacklyne akafikiri nimeumwa na nyoka. Nikamwambia, “Ni baridi! Jacky, ni baridi!” Akasema, “Ndiyo mama, inatoka kwenye barafu.” Hakuelewa. Miaka miwili nilikuwa sijui maji ya moto wala ya baridi kwenye mguu huo. Nikautoa, nikaurudisha. Baridi tena. Nililia mpaka yule msichana naye akaanza kulia, na bado hajui tunalilia nini.

Gari lilipita, likapiga honi kwa sababu pikapu ilikuwa imeziba njia kidogo. Burale hakugeuka.

— Daktari amesema hisia zinarudi mara nyingine sukari ikishuka, — Mama Akala akaendelea. — Amesema si zote zitarudi. Mimi nimesema hizo zilizorudi zinatosha. Jacklyne amefungua mahali pa kulala wageni karibu na geti la mlima. Wapandaji wanashuka na mabuti yameachama kama midomo, hakuna fundi. Kuna chumba changu, kuna baraza ya kushonea, na kila asubuhi kuna njia ya msituni mpaka mtoni. Nataka kuzeekea huko. Owuor, mtoto wangu, aligoma mwezi mzima, sasa amekubali.

Signal aliinuka, akaketi tena. Uso wake ulikuwa umekunjamana.

— Na ukikanyaga msumari huko? Nani ataona damu?

Alilisema kwa ukali, kama mtu anayegombana, lakini sauti ilimpasuka mwishoni. Sisi wengine tukaangalia pembeni. Lilikuwa ndilo swali tulilokuwa tumelizunguka asubuhi yote kwa wazungu wetu na reli zetu.

Mama Akala akamwekea mkono begani.

— Opiyo, nitauhisi mwenyewe. Ndicho nilichokuja kuwaambia. Mlinilindia mguu nilipokuwa siuhisi. Sasa nauhisi. Erokamano, ndugu zangu. Asanteni sana.

Imran aliondoka pale akaenda nyuma ya kibanda changu, akasema anatafuta makaa. Makaa yalikuwa hapa mbele, mfuko mzima.

Aliporudi, Burale alikuwa amekirudisha kikombe na kupangusa mikono kwenye suruali.

— Sasa wazee wangu, — akasema, — pale mbele kuna nafasi ya mtu mmoja zaidi. Nani anamsindikiza mama?

Mngetuona. Hansard alikumbuka kwamba ana mazishi Buruburu. Mimi nikashika simu ya mtu ambayo hata sikuwa naitengeneza. Imran akalitazama birika lake, wateja watatu wamesimama wanangoja. Burale aligeuza shingo kutoka kwa mmoja hadi mwingine.

— Naro Moru, — Signal akasema polepole, kana kwamba analionja. — Mnajua nimeandika jina hilo mara ngapi? Miaka ishirini na sita kwenye karatasi za mizigo. Mbolea, Naro Moru. Ngano, Naro Moru. Mbao. Na sijawahi kufika hata siku moja. Siku zote nilituma vitu.

— Basi twende, — Mama Akala akasema.

— Sina nguo.

— Nina sweta mbili.

Akavua moja, ya zambarau, akampa. Ilimbana mabegani na mikono ikaishia karibu na viwiko. Signal akapanda mbele, akakaa wima kama chifu. Mama Akala alituaga mmoja mmoja. Kwa Imran alikaa zaidi, hawakushikana mikono, waliinamishiana vichwa tu, na akamwambia jambo ambalo hatukulisikia na hatukumuuliza. Saa tatu na nusu pikapu ikaondoka.

Mchana ule benchi lilikuwa pana ajabu. Hansard hakwenda mazishi yoyote. Saa nane Signal alipiga simu kusema wamefika salama, kabati limevunjika mguu mmoja, na mlima haupo.

— Haupo vipi? — Hansard akapaza sauti.

— Kuna mawingu tu. Wanasema uko nyuma yake. Nafikiri tumedanganywa.

Jioni, Imran alipoanza kusuuza vikombe, simu yangu ililia tena. Nikafungua spika tusikie sote. Kulikuwa na upepo, na sauti ya Mama Akala kwa mbali akicheka na mtu.

— Mko hapo? — Signal akasema. — Yameondoka. Mawingu yameondoka.

— Unauona? — Imran akauliza.

— Nauona.

— Ukoje?

Tukainamisha vichwa juu ya simu. Huyu ni mtu aliyetueleza vita vyote, chaguzi zote, na namna mbingu ilivyopangwa. Sasa tulisikia pumzi zake tu, na upepo. Tukangoja. Makaa yakazima, na hakuna aliyekata simu.