Marehemu Seabata Lekhooana na Mguu wa Mbele wa Phakoe

Marehemu Seabata Lekhooana alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 katika kijiji cha Ha Mokhafi, wilaya ya Thaba-Tseka, akiwa mtoto wa kwanza wa Ntate Tlali Lekhooana. Mdogo wake wa pekee, Ntate Lebusa, alizaliwa mwaka 1960. Baba yao alipofariki mapema, marehemu ndiye aliyembeba Lebusa mgongoni kwenda malishoni, akimfunika kwa blanketi moja walilokuwa nalo.

Alianza shule ya misheni akiwa na miaka kumi na moja, kwa kuwa kondoo walimhitaji zaidi. Alisoma hadi darasa la tano. Lebusa alisoma hadi sekondari, na familia inapenda ikumbukwe kwamba aliyemsomesha alikuwa chini ya ardhi wakati huo.

Marehemu alifanya kazi katika machimbo ya dhahabu ya Welkom kuanzia 1972 hadi 1991, akarudi nyumbani na kikohozi ambacho hakikumwacha tena. Tangu hapo aliishi kwa kulima, kufuga, na kutibu farasi wa majirani.

Mwaka 1978 alimuoa Limpho, ambaye baada ya kumzaa binti yao Nthatisi, anayesoma wasifu huu, aliitwa 'Manthatisi, yaani mama Nthatisi. Waliishi kwa mapenzi na ubishi. Ubishi mkubwa ulihusu Phakoe.

Phakoe ni yule farasi wa kijivu mliyemwona amefungwa pale nje. Marehemu alimnunua akiwa mtoto wa farasi wa mwaka mmoja, mwaka 2004, akampanda miaka mingi kabla hajaanza kuchechemea. Kila majira ya baridi, ardhi ilipokuwa ngumu, mguu wa mbele wa kushoto ulikataa. Marehemu alisema ni bega, kama wanavyosema wanaume wote wa Ha Mokhafi, akalisugua bega hilo kwa mafuta ya kondoo misimu miwili mizima.

"Unamkanda farasi asiyeumwa hapo," 'Manthatisi akamwambia akiwa anaanika nguo. "Mwangalie akisimama. Anautanguliza ule mguu mbele, kisigino hakitaki kubeba. Mimi nilisimama hivyohivyo nilipokuwa na mwiba."

"Sasa umekuwa daktari wa farasi?"

"Nimekuwa mke wako. Hiyo inanitosha kuona."

Bwana mifugo alipopita aliibana kwato kwa koleo, na Phakoe nusura ampige teke. Maumivu yalikuwa ndani ya kisigino cha kwato, akasema, na hayataisha. Yatatulizwa tu. Marehemu alicheka, akamwomba mkewe radhi mbele ya mgeni, jambo ambalo 'Manthatisi amelisimulia katika kila harusi tangu siku hiyo.

Kuanzia hapo maisha ya marehemu yalifuata ule mguu. Alipunguza ncha ya kwato mara kwa mara isirefuke. Alikata ngozi ya tandiko bovu akaiweka chini ya kiatu cha chuma ili kisigino kiinuke. Alimnyima mahindi asinenepe. Hakumwacha asimame zizini siku nyingi, wala hakumpanda kabla ya kumtembeza kwanza mguu upate joto. Kwenye mteremko alishuka, akatembea mbele yake. Mara moja kwa mwezi walivuka mlima hivyo kwenda zahanati ya Ha Lekopa kuchukua dawa za kifua, mzee anakohoa, farasi anachopea, na kila mmoja akimngoja mwenzake.

Alikuwa na neno lake moja: "Akitembea vizuri ndipo niogope." Maana alipotembea vizuri, waazimaji walikuja. Marehemu alijifunza kukataa. Aliwakatalia waendao harusini, waendao sokoni, hata mchungaji. Kitu kimoja tu hakuweza kukikataa, na sisi sote tulioketi hapa tusingeweza. Simu hazishiki katika bonde letu, na farasi anayeombwa kwa ajili ya kifo hanyimwi mtu.

Jumamosi tarehe 9 Oktoba 2021, asubuhi, Ntate Lebusa alifika akiwa amevaa blanketi lake zuri.

"Kaka, nipe Phakoe. Shangazi ametutoka."

"Shangazi wa Ha Lekopa? Lini?"

"Alfajiri. Lazima mwanamume wa familia afike leo."

Marehemu alikaa chini kwanza. Kisha akaenda kumtandika farasi mwenyewe. "Ule mteremko wa mawe ushuke kwa miguu. Usimkimbize."

"Kaka na wewe! Watu wamekufa, unaniletea habari za kwato?"

Kesho yake marehemu na mkewe walivuka mlima kwa miguu wakiwa wamebeba unga wa matanga. Mlango ulifunguliwa na shangazi 'Mapuseletso mwenyewe, mikono imejaa unga wa mtama, kwa kuwa alikuwa anapika pombe.

"Mbona mna sura hizo? Nani kafa?"

"Wewe, shangazi," akasema 'Manthatisi.

"Mimi? Mbona sijaambiwa?"

Walicheka, maana wangefanya nini? Marehemu alikula ugali na mboga kwa mkono wa mtu aliyekuja kumzika. Ndipo shangazi akawasimulia sherehe ya jana ya kumpokea chifu mpya: wapanda farasi arobaini walivyoteremka mlimani wakipiga mbio, na Lebusa wao akiwa mstari wa mbele, blanketi linapepea. Alipendeza sana, akasema. Phakoe walimkuta nyuma ya nyumba ya jirani, jasho limekauka mwilini, amesimama kwa miguu mitatu.

Ntate Lebusa alipoulizwa alijibu, "Farasi mzee alikuwa anachechemea siku zote. Mimi nimelikuta tatizo." Familia imelinukuu jibu hilo jinsi lilivyo. Hakuna lingine lililotolewa mpaka leo.

Marehemu alimuuguza Phakoe kiangazi chote, akimsimamisha mtoni na kumfunga kwato kwa gunia na mpira wa tairi. Farasi alirudi kutembea, lakini si kubeba mtu. Majirani walijitolea farasi wao, tunawashukuru. Alikataa. "Nimeona farasi wa kuazima anavyorudi," alisema. Akawa anavuka mlima kwa miguu.

Mwezi Juni mwaka huu alirudi kutoka zahanati akiwa amelowa theluji. Kifua kilibana, homa ikapanda, na hakutoka tena nje isipokuwa kuelekea zizini. Alifariki nyumbani tarehe 12 Julai 2022. Daktari ameandika kwamba ni mapafu, na sisi hatubishani na daktari.

Marehemu ameacha mjane 'Manthatisi, binti mmoja, wajukuu watatu, shangazi 'Mapuseletso, ambaye tunashukuru yu hai na ameketi safu ya pili, na mdogo wake Ntate Lebusa, ambaye ametoa ng'ombe wa leo. Familia inashukuru kwa ng'ombe. Ameacha pia Phakoe, mwenye umri wa miaka kumi na tisa. Phakoe ni mali ya mjane. Haazimishwi kwa mtu yeyote kuanzia leo, hata kwa habari ya kifo.

Agizo la mwisho alimpa binti yake. Njia ya makaburini, mnavyojua, ni mteremko wa mawe. Phakoe atatangulia mbele ya jeneza, ametandikwa, bila mtu mgongoni. Waombolezaji wote mnaombwa msimpite wala msimhimize. Akisimama, jeneza lisimame.

Kamba ya kumwongoza itashikwa na Ntate Lebusa, kwa miguu, mpaka chini. Binti alipomuuliza kwa nini yeye, marehemu alitafuta pumzi kwanza.

"Hajawahi kumwona anavyoteremka," alisema. "Siku ile alikuwa juu yake."

Lala kwa amani, Ntate. Tunakuja polepole.