Fundi Aliyeleta Theluji Wodini

Tarehe thelathini mwezi huu, fundi rangi wetu anastaafu baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na mmoja. Huku karakana tunamwita Dada Brashi. Hakuna mlango wala dirisha humu ambalo halijapita mikononi mwake.

Alianza kama kibarua wa kukwangua kuta. Msimamizi alipoona bidii yake akamwajiri, baadaye akamkabidhi stoo ya rangi. Tangu siku hiyo hakuna anayethubutu kurudisha brashi chafu. Fundi bomba aliyejaribu bado anasimulia yaliyomkuta.

Ila kazi inayotufanya tutembee kifua mbele iko wodi ya watoto walioungua. Alipelekwa huko kupaka kuta rangi ya krimu. Binti mmoja, aliyeunguzwa na maji ya moto, alilia kila alipobadilishwa bendeji, mpaka mama yake akawa anatoka nje asisikie. Siku moja binti alimtazama fundi pale juu ya ngazi, akamwambia, "Nichoree mahali pa baridi."

Akachora msitu wenye theluji. Theluji yenyewe hakuwahi kuiona, na jaribio la kwanza lilifanana na pamba iliyomwagika kutoka mto uliopasuka. Tulicheka, naye akacheka, kisha akafuta. Alimwendea mtaalamu wa tiba ya viungo aliyesomea nchi za baridi, akaambiwa kwamba theluji ikiwa kivulini huwa na ubuluu kidogo. Akachanganya rangi upya. Misonobari ikainamisha matawi kwa uzito, kijito kikaganda, nyayo za sungura zikapotelea kati ya miti. Bendeji zilipobadilishwa, binti alizifuata nyayo zile kwa macho. Maumivu hayakuisha, ila alipata pa kuyapeleka.

Mkurugenzi alipokuja kukagua, aliuliza ni nani aliyeruhusu. Muuguzi mkuu, ambaye hakuwa ameombwa ruhusa yoyote, akajibu, "Ni mimi." Mkurugenzi akasimama pale mpaka binti akamaliza kufungwa bendeji. Akiondoka akauliza, "Na ule ukuta wa pili je?"

Leo msitu umeizunguka wodi nzima. Binti yule alitoka hapa kwa miguu yake mwenyewe, na wengi wamemfuata.

Dada yetu, asante kwa jasho lako na kwa watoto wetu. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na siku zenye raha. Kapumzike bila wasiwasi: tungali hai, ukuta ule hauguswi na mtu.