Chumba cha Mabenchi Nyuma ya Kanisa

Wapendwa, wazee wangu shikamooni. Nimeombwa nisimame mbele yenu na nimekubali, ila mkiona nasita, nivumilieni. Majina sitayataja.

Mie na mwenzangu tulihamia Kipawa tukiwa na mtoto mmoja. Alikuwa fundi mashine kiwandani, mtu mpole, anaimba besi kwaya. Kiwanda kilipouzwa walipunguzwa kazi wengi, naye akiwamo. Nikaanza kuuza mitumba. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, kibao cha kwanza nilipigwa kwa sababu nilinunua sukari bila kumwuliza. Nilidhani ni uchungu wa kukosa kazi, utapita. Haukupita.

Nilikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, akaniambia ya chumbani yaishie chumbani. Nikaja hapa kwa wazee wa kanisa. Wengine mmeketi hapo mbele, sisemi kwa ubaya. Mlimwita mume wangu siku ileile. Alilia, mkatushikanisha mikono, mkatuombea. Tulipofika nyumbani alifunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini tu, "Umeridhika?" Kilichofuata sitakisimulia, kuna watoto humu.

Baada ya hapo nilinyamaza miaka miwili. Niende wapi tena? Nilikuwaga nasikiliza anavyovua viatu mlangoni, najua leo itakuwaje. Binti yangu mkubwa naye akajifunza kusikiliza.

Siku nilipovunjika mkono, akina mama wa kanisa walikuja kuniona. Mume wangu aliwakaribisha vizuri, akakaa hapohapo, kila nikiulizwa anajibu yeye. Mama mmoja, muuguzi mstaafu, akamwambia wana maombi ya akina mama, awapishe kidogo. Mume wangu alipotoka, yule mama akaniuliza nimeumiaje. Nikasema nimeteleza bafuni. Hakubisha. Aliniinamia akasema, "Sawa, mwanangu. Ukiteleza tena, njoo kwangu Mwenge. Sitakuuliza kitu, wala sitamwita mtu."

Wiki haikuisha. Nilitoka asubuhi na wadogo wawili, tuliowapata hapahapa Kipawa, plasta ya mkono nimeifunika kwa kanga. Mkubwa alikuwa shuleni. Nilipotuma mtu akamchukue, baba yake alishamtoa, kampeleka kijijini kwa wazazi wake.

Yule mama alitupokea, kisha akaenda kwa mchungaji. Mchungaji alikuja, akakaa kwenye kigoda, akaniambia, "Mama, tulikosea. Tulikurudisha bila kuuliza tunakurudisha wapi." Ndipo kile chumba cha nyuma ya kanisa kikatolewa mabenchi mabovu, kikawekwa vitanda viwili na komeo la ndani. Mie na wanangu tulikuwa wa kwanza kulala humo. Wamepita wengine tangu hapo.

Binti yangu hajarudi. Wazee wa kanisa wamemfuata kijijini mara mbili, wamerudi bila yeye. Watu wa ustawi wa jamii wamesema nisubiri barua ya kumrudisha. Nasubiri. Kuna siku nakaa tu, sina la kufanya, hata la kuomba sina. Siwadanganyi kwamba nimepona.

Ila nipo hai. Namshukuru Mungu, namshukuru yule mama, na akina mama mliopokezana kuniletea uji, na nyie wazee mliokubali kusikia. Ombi langu ni moja. Mwanamke akija kwenu kushtaki, msianze kwa kumwita mumewe. Muulizeni kwanza, leo atalala wapi.