Mahindi ya Uchagani: Maisha ya Mwalimu Bertilla Benjamini, 1966–2025

Mwalimu Bertilla alizaliwa Mwazye, Kalambo, tarehe 14 Mei 1966, kwa mzee Benjamini na mama Rozina, wakulima wa mahindi na ulezi. Akiwa mtoto alipika kande kwa mahindi ya mbegu yaliyotundikwa uchagani, juu ya meko. Mama yake hakumchapa. Alimwambia tu, "Ya ghalani ni tumbo letu. Haya ya kwenye moshi ni shamba la mwakani." Kosa hilo alilisimulia maisha yake yote, akijicheka.

Alisoma Mwazye, kisha Sumbawanga, na mwaka 1989 alihitimu ualimu Mbeya. Alifundisha biolojia hapa Sumbawanga mjini hadi ugonjwa ulipomzuia. Wanafunzi wake waliojaa uwanjani leo wanalikumbuka somo la seli, maana aliingia darasani na debe la mahindi ya ghalani na fungu la mahindi ya uchagani lililojaa masizi.

"Seli za mwili ni hili debe," alisema. "Zinatutunza, na zinaisha pamoja nasi. Seli za uzazi ni hili fungu. Zina kromosomu ishirini na tatu badala ya arobaini na sita, zinangoja nusu nyingine. Mtoto anarithi kilichomo humu tu."

Tarehe 3 Oktoba 1992 alifunga ndoa na Bwana Ezekiel, mtumishi wa idara ya maji kutoka Mbeya. Walijaliwa Obedi na Jovina.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani ya damu. Jovina, aliyekuwa ndiyo kwanza ameolewa, akaogopa kuzaa, kwani majirani walinong'ona kwamba ugonjwa ni wa ukoo.

"Mama, si nitamrithisha mwanangu maumivu haya?"

Bertilla alimpeleka kwa daktari wake. Daktari akaeleza kwamba hitilafu ilianza ukubwani, kwenye seli za uboho ndani ya mifupa, si za uzazi.

"Umesikia, mwanangu? Wadudu dumuzi wameingia ghalani. Uchagani hawakufika."

Juni mwaka huu Jovina alijifungua binti, na Bertilla, dhaifu vile, alimpakata akagoma kumrudisha. Alifariki tarehe 9 Septemba 2025, mkono wake mkononi mwa mumewe. Tumeumia sana.

Ameacha mume, watoto wawili na mjukuu mmoja, Rozina, wa miezi mitatu. Angekuwepo angeisahihisha hesabu hii, maana alizoea kutukumbusha kwamba mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote. Basi wajao nao wamehudhuria, ndani ya Rozina aliye mgongoni kwa Jovina.

Bwana akupe raha, Mwalimu. Uchagani pamejaa.