Kadi Yangu ya Kura

Mama zangu wa maombi, nitaongea nikiwa nimesimama, maana kule nilikotoka niliambiwa nikae chini.

Nyumbani kwetu, upande wa magharibi, anayelima ni mimi. Baba watoto ni mpishi kwa Wazungu hapa Nairobi, mtaa wa Karen, na shambani huonekana Krismasi. Basi tajiri mmoja akazungusha seng'enge kwenye chemchemi tunakoteka maji. Chifu akaita baraza. Wanaume wakaongea, sisi wanawake tuko nyuma kwenye nyasi. Nikasimama nikasema, "Anayeteka maji hapo ni mimi. Hiyo seng'enge itolewe."

Mzee mmoja akanijibu, "Mwenye shamba yuko Nairobi. Wewe kaa chini."

Ndugu zangu, barua ya yule mzee ya kunishtaki ilimfikia mume wangu kabla palizi haijaisha. Akaja, akachukua kadi yangu ya kura, akaitia mfukoni, akanileta Karen kwenye chumba cha wafanyakazi. Shamba likabaki na mama mkwe. Nawaambia ukweli, pale nilianguka. Nilikaa miezi bila kazi, bila neno. Hata kuomba nilishindwa. Nilianza kuamini kweli nimekosa.

Aliyeniinua ni yaya wa nyumba ya pili. Tulikuwa tunaanika nguo, nikamweleza yote. Akaniuliza, "Kwani hiyo kadi imeandikwa jina la nani?"

Swali hilo lilinikaa kifuani. Jioni nikamwambia mume wangu, "Baba, nipe kadi yangu. Uchaguzi umekaribia."

"Kura ya nyumba hii ni moja, na ni yangu."

"Basi na jembe liwe moja, liwe lako. Mimi sirudi kulima."

Akasema watu wataniita mkaidi. Nikamwambia waniite.  Siku ya tano akaiweka kadi kitandani, akatoka.

Nilisafiri, nikapiga kura. Niliyemtaka alishindwa, na seng'enge ingalipo. Kwa hiyo msinipigie makofi. Lakini baraza la chifu lililofuata, kabla sijarudi huku, tulikaa mbele, wanawake kumi na mmoja, na hakuna aliyetuhamisha.

Namshukuru yule yaya. Yuko hapa, anajijua. Nawashukuru nyinyi mliotoka kazini Hurlingham kwa miguu kuja kuniombea nilipokuwa siwezi mwenyewe. Wiki ijayo narudi shambani.

Najua wengi wenu kadi zenu zinatunzwa na watu wengine. Mkifika nyumbani leo, kila mmoja aseme, "Nipe kadi yangu." Akikuuliza ya nini, usimweleze.