Baba Tanuri, Mwoka Mikate Aliyejifunza Kula Upya

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenipa mimi, mdogo wake, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu, Baba Tanuri.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa pili wa fundi cherehani, akamaliza shule ya msingi mwaka 1965, na kwa kuwa yeye na madaftari hawakuiva chungu kimoja, akaingia kiwanda cha mikate kama mfagiaji, akapanda hadi kuwa mkuu wa tanuri, kazi aliyostaafu mwaka 2011. Gunia la unga alilibeba begani peke yake huku akipiga soga, na hakuficha kwamba alipenda kutazamwa.

Tarehe 12 Agosti 1978 alifunga ndoa na shemeji yangu, karani wa posta, wakajaliwa binti na mvulana. Shemeji alipofikia umri wa kukoma hedhi, akawa anapandwa na joto la ghafla, anafungua dirisha, kaka analifunga, akilalamika kwamba nyumba nzima inagandishwa kwa ajili ya mtu mmoja. Baadaye shemeji aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono, daktari akamweleza kwamba homoni ya kike ikipungua mifupa nayo hudhoofika, hivyo akaanza kunywa maziwa kila siku, na kaka akamtania kwamba ameanza kunyonya upya.

Mwezi Mei 2016 kaka aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume, akaanzishiwa sindano za kushusha homoni ya kiume, iliyokuwa ikiistawisha saratani hiyo. Saratani ilitulia, lakini mikono ilisinyaa na kitambi kikachomoza, naye, mwoka mikate mpaka kwenye mifupa, akaamua kwamba mwili unadai mkate, akaongeza mkate asubuhi, mchana na jioni, pamoja na chai ya sukari tele, kitambi kikanenepa na mikono ikazidi kwisha. Gunia lilipomshinda siku aliyotembelea kiwandani, aliacha kabisa kupita njia ya kiwandani, kwa kuona haya mbele ya wenzake, na hilo lilimuuma kuliko sindano.

Siku moja, mezani, joto la ghafla likampata na yeye, kwa sababu ya zile sindano, akainuka mwenyewe akafungua dirisha. Shemeji akamtazama, akamwambia, "Karibu, baba watoto, tulikuwa tunakusubiri," wakacheka mpaka machozi, kisha kaka akamwomba radhi kwa miaka yote ya lile dirisha.

Walikwenda pamoja kwa mtaalamu wa lishe, akawafafanulia kwamba homoni ile ya kiume ndiyo iliyokuwa ikimsaidia kujenga misuli, na ikishuka, chakula kilekile huelekea zaidi kuwa mafuta, hivyo apunguze mkate na sukari, aongeze mayai, maharage, samaki na maziwa, na anyanyue vitu vizito kwa kiasi. Alijikaza kisabuni, akayanywa maziwa aliyoyacheka, na kila asubuhi wakawa wananyanyua vifuko vya unga sebuleni, shemeji akihesabu, kaka akiruka namba. Alikuwa na haja moja tu, kuingiza gunia la kwanza kwenye duka la mikate ambalo binti yake alikuwa akijiandaa kulifungua.

Tarehe 3 Februari 2019 duka lilifunguliwa, wenzake wa kiwandani wakiwa wamejaa mlangoni, kaka akainama, akalishika gunia, likainuka kidogo likarudi chini. Hapo alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, alimwita mkewe ashike upande wa pili, wakaliingiza wawili hadi mbele ya tanuri, na wenzake wakapiga makofi. Siku hiyo alirudi nyumbani kwa njia ya kiwandani.

Saratani ilirudi mwaka 2022, na tarehe 21 Juni 2023, mchana, alifariki hospitalini, shemeji akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mtaalamu wa lishe aliyemvumilia, majirani waliopika na kukesha nasi, na waoka mikate wenzake waliofika na aproni zao.

Pumzika, kaka, kwa amani uliyoitolea jasho, leo tunakubeba wengi, na mkeo ameshika upande wake.