Mbaki Haina Moshi

Kona ya mtaa wa Dallas, hapa Embu, kuna benchi na birika la kahawa la Rwamba. Sisi huketi hapo kuanzia saa nne asubuhi, maana tuna akili nyingi na kazi kidogo. Kuna Daktari, muuza dawa za ng'ombe. Kuna Injinia, aliyefyeka nyasi kwa bwawa la Kiambere miezi mitatu. Kuna Pasta, aliyefukuzwa kwenye kwaya. Mimi huitwa Wakili, kwa kuwa sijawahi kushinda kesi hata nyumbani kwangu. Siku hiyo nilikuja na kesi. Mke wangu Kawira ana mimba ya miezi mitano, na kliniki wamemwambia aache mbaki, ile tumbaku ya kunusa, kwamba inaharibu mapafu ya mtoto. Kendi, kifungua mimba wetu, kifua chake hupiga filimbi kila baridi ikija. Niliogopa sana, lakini benchi letu halina nafasi ya woga, basi nikauliza kama mzaha.

— Mbaki haina moshi, Daktari akasema. Mapafu yanaharibiwa na moshi. Hiyo hata ndama anajua.

— Lakini nesi anasema inapitia kwa damu ya mama, nikasema.

— Damu ni nzito kuliko maji, Pasta akasema. Sasa mbaki itaogelea aje hapo?

Tukacheka, na mimi nikacheka zaidi ya wote.

— Mimi nimefanya Kiambere, Injinia akasema. Tumbo ya mama ni dam. Iko na geti. Uchafu ikikuja, geti inafungwa.

— Inafungwa na nani? nikauliza.

— Si mtoto mwenyewe! Kwani atakaa huko miezi tisa bila kazi?

— Kama wewe, Rwamba akasema, akimwaga masimbi ya kahawa.

Daktari hakukubali kushindwa.

— Mbaki inapigisha mtoto chafya huko ndani. Hiyo ni mazoezi ya mapafu! Cucu yangu, mama ya baba, alinusa maisha yake yote, na akazaa watoto kumi na mmoja.

— Wangapi walikuwa wanakohoa? Rwamba akauliza.

— Hao hatukuwasikiliza.

— Na asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Pasta akamalizia. Guu, Wakili! Hakuna mahali wamesema pafu.

Nikaona nimeshinda kesi yangu ya kwanza.

Mwisho wa benchi aliketi Gladwell, mama aliyehamia ploti ya nyuma wiki hiyo, akingoja kahawa.

— Samahani, wazee. Huyo mama mjamzito, mbaki humnunulia nani?

Injinia akaangalia viatu vyake. Pasta akatafuta methali, akakosa. Mfukoni mwangu kulikuwa na pakiti ya mbaki niliyonunua soko la Karurumo asubuhi hiyo, kama kila wiki tangu mimba ya kumzaa Kendi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

— Jibu mama, Wakili, Daktari akasema polepole.

Nikamnyooshea Rwamba kikombe changu aniongezee. Rwamba akafunika birika, akasema kahawa imeisha, na sisi wote tulikuwa tunaisikia ikichemka.